Kisumu na Kericho zisimamie soko la Sondu kwa pamoja

Mhariri,

Naandika kuhusu mzozo wa mpaka wa kaunti za Kisumu na Kericho huko Sondu. Ghasia za mwaka 2023 zilitosha kutuonyesha kwamba anayeumia kwanza ni mchuuzi, ambaye wateja wake wanatoka pande zote mbili.

Kubadilisha mpaka ni safari ndefu. Kifungu cha 188 cha Katiba kinadai tume huru na azimio la Bunge. Je, wafanyabiashara waishi kwa hofu hadi siku hiyo? Kifungu cha 189 kinaziruhusu kaunti kuunda kamati na hata mamlaka ya pamoja, bila kugusa mpaka wowote.

Nawasihi magavana wa kaunti hizi mbili waunde mamlaka moja ya soko la Sondu. Ushuru ulipwe mara moja, risiti itambuliwe pande zote, na fedha hizo zianze na taa na vyoo. Hesabu zibandikwe sokoni kila mwezi, wachuuzi wazisome wenyewe. Makamishna wa kaunti nao washirikishwe, kwani usalama ni jukumu la serikali ya kitaifa.

Msomaji,
Nyakach