Mwaka wa kwanza na kosa la kunakili

Ndugu Mhariri,

Kila vyuo vikuu vikifunguliwa husikika wimbo uleule: mwaka wa kwanza wanadisko, yaani wanaondolewa chuoni kwa kufeli, kwa sababu ya starehe, wakipata bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, wanasahau kilichowapeleka. Naomba nafasi kidogo nipinge. Nina steshenari nje ya geti la chuo kikuu kimoja hapa Dar es Salaam, huu mwaka wa tisa, na watoto hawa nawaona kabla mhadhiri hajajua majina yao.

Bumu lenyewe ni shilingi 10,000 kwa siku, chakula na malazi, tena kwa aliyebahatika kupata mkopo. Toa kodi ya chumba, toa nauli, toa na kurasa anazochapisha kwangu. Wanywaji wapo, sikatai.

Ninachokiona mimi ni kingine. Muhula uliopita alikuja kijana mmoja, akanipa shikamoo, akataka nimchapishie kazi ya kurasa sita. Nusu ya maneno yalikuwa ya bluu, yamepigiwa mstari chini, vile vile yalivyotoka kwenye intaneti. Nikamuuliza, mwanangu, unapeleka hivi hivi? Ndiyo mama, nimeitafuta usiku kucha. Baada ya wiki mbili akarudi na sifuri, ameandikiwa kuwa kaiba kazi ya watu. Hasira hakuwa nayo, alikuwa haelewi. "Mama, Advance, kule kidato cha tano na sita, tulikuwa tunakopi notisi ubaoni, ukizirudisha kwenye mtihani neno kwa neno unasifiwa. Hapa nimeiba nini?"

Sikuwa na jibu la haraka. Miaka yote hiyo kafundishwa kwamba kunakili ndiyo bidii, kisha anavuka geti na kukuta kunakili ni wizi, na hapo katikati hakuna aliyemwambia. Alizoea mwalimu anayejua nani leo hajafika. Sasa kakaa kwenye ukumbi wa mamia ya watu, kapewa karatasi yenye orodha ya vitabu, basi. Karatasi hiyo wananiletea mimi: "Mama, una desa la hii?" Yaani notisi zilizokwisha kuandaliwa. Hawajui kwamba vitabu hivyo ndivyo walivyotakiwa kwenda kuvisoma. Na viko kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi wao wameikariri kuliko walivyoitumia.

Mtasema ipo wiki ya kuwapokea. Ipo. Wanajazwa ukumbini, kipaza sauti kinakoroma, wanasomewa kanuni, na wengi muda huo wanawaza usiku watalala wapi au watabebana na nani, wawili kitanda kimoja. Habari za referensi, yaani kutaja ulikoyatoa maneno, zinawapita juu kwa juu, maana hakuna aliyekwishaandika kitu chenye kuhitaji referensi.

Ombi langu kwa wakuu wa vyuo ni dogo. Nusu ya wiki hiyo ihamie wiki ya tano au ya sita, kazi ya kwanza inaporudi imesahihishwa. Wakae wachache wachache kwenye semina zao, kila mmoja na karatasi yake mkononi, aonyeshwe: hapa umenukuu bila kumtaja mwenyewe, hapa swali hukulielewa. Hata wa mwaka wa tatu wanaweza kusaidia. Muda huo UE, mtihani wa mwisho wa muhula, bado iko mbali, na mtoto anaweza kujirekebisha.

Najua nikisikilizwa, wateja wa desa watapungua. Nimeshaulizia bei ya friji la soda.

Mama wa Steshenari,
Dar es Salaam