Shimo halikwangui namba ya nyuma

Ndugu Mhariri,

Pole na kazi. Wiki mbili zilizopita ulichapa barua ya msomaji aliyetaka vijana wa bodaboda wanaonyanyua tairi la mbele wakamatwe, pikipiki zao zichukuliwe, na wazazi wao nao waitwe polisi wakajieleze. Naomba nafasi nimjibu, maana mmoja wa wazazi hao ni mimi.

Nina miaka 53. Nauza maharage na mchele Soko Kuu la Chifu Kingalu, hapa Morogoro. Mwaka 2022 tulipovunja kikoba nilichukua changu, nikaongeza akiba ya mavuno mawili, nikanunua Boxer ya cc 150, nikamkabidhi mwanangu wa pili ambaye wakati huo alikuwa na miaka 22. Tukakubaliana hesabu ya shilingi 8,000 kwa siku, Jumapili iwe yake. Hesabu analeta. Hilo naliweka wazi mapema, asije mtu akadhani natetea mtoto mvivu.

Kilichonimaliza ni gereji. Shokomzoba za mbele zilivuja oili mara mbili ndani ya miezi mitatu, tukabadilisha sili mara mbili. Zikafuata beringi za stelingi: ukiishika pikipiki kwa mbele na kuitikisa inagonga, ko, ko, ko. Cheni ikawa haimalizi wiki bila kulegea. Kila nikimuuliza jibu ni lile lile: “Mashimo, mama.” Nami nikaamini. Niliisema halmashauri pale sokoni mpaka jirani yangu wa meza akaniomba nipumzike, namfukuzia wateja.

Fundi ndiye aliyenifumbua macho. Siku hiyo hakunionyesha mbele, alinizungusha nyuma. Ukingo wa chini wa namba ulikuwa umekunjika na kukwanguka, rangi yote imetoka, bati linang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Taa ya nyuma nayo ina ufa. Akaniuliza kwa upole, “Mama, shimo linaanza na tairi la mbele. Kwenye namba ya nyuma limefikaje?” Kisha akanieleza. Tairi la mbele likinyanyuka kupita kiasi, namba ndiyo inayosugua lami. Likishushwa vibaya, uzito wote unatua juu ya shokomzoba na stelingi. Klachi ikiachiwa kwa kushtukiza, cheni inavutwa kama kamba ya ng'ombe mkaidi. Bili zangu zote za miezi sita zilikuwa na maelezo, na halmashauri haimo.

Jumapili iliyofuata nilipanda bajaji mpaka upande wa Tungi, kwenye barabara za viwanja vilivyopimwa lakini bado havijajengwa. Nilijibanza nyuma ya mwarobaini, kanga kichwani kama askari kanzu. Walikuwa vijana kumi na mmoja na pikipiki nne, mmoja wao binti. Wanapokezana. Anayepanda anaweka gia ya kwanza, anatembea polepole, anakamata klachi, anapiga resi, anaiachia klachi, na pikipiki inainuka kama mbuzi anayefuata majani ya juu. Wengi ilirudi chini hapo hapo, kishindo mpaka nasikia huruma kwa sili zao. Mmoja aliyevaa kandambili pikipiki ilimzidi. Ilisimama wima, yeye akaachia akabaki amesimama nyuma yake, pikipiki ikalala chali inanguruma. Wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeona mguu wake wa kulia, ule wa breki ya nyuma, ulikuwa unaning'inia hewani.

Kisha akaja wangu. Nilikuwa nimepanga kutoka na kumkamata sikio mbele ya wenzake. Mhariri, nikabaki pale pale. Aliinyanyua ikatulia, mikono imenyooka, mwili nyuma, macho mbele, na ncha ya kiatu juu ya breki ya nyuma kama mtu anayegusa maji ya kuoga kupima moto. Akaenda. Nilitamka “Mungu wangu” kwa sauti, wote wakageuka. Walipotambua ni mama wa nani, kumi na mmoja wale waliamkia “Shikamoo mama” kama wanafunzi wa darasa la pili. Baadaye nilipima kwa miguu umbali aliokwenda: hatua 64.

Usiku huo hatukulala mapema. Nilimhoji kama ninavyomhoji anayeniuzia maharage ya Gairo, gunia kwa gunia. Akaniambia siri yote ipo kwenye breki ya nyuma. Injini ndiyo inayoinua mbele. Ukiona inataka kukuangusha nyuma, unagusa breki ya nyuma kidogo tu na tairi la mbele linashuka, hata kama umechelewa kupunguza resi. Mtu asiyejua hilo mwili wake ndio unaomponza. Akianza kuanguka nyuma ananing'inia kwenye usukani, mkono wa kulia unavuta resi zaidi, na pikipiki inazidi kusimama. Yeye alijifunza kwanza kwa baiskeli ya mdogo wake, mwezi mzima, hana kazi nyingine zaidi ya kuzoesha kidole chake breki ya nyuma. Yule binti ndiye aliyemfundisha hivyo. (Binti huyo ndiye anayeshusha tairi laini kuliko wote, na sijui kwa nini hawamwiti mwalimu.)

Kama vijana wote, hakukosa na hadithi za kwenye simu. Mwaka 1984 Mmarekani Doug Domokos alizunguka uwanja wa mbio za magari wa Talladega, Alabama, kwa tairi la nyuma peke yake, maili 145, yaani kilometa 233. Mwaka 1991 Mjapani Yasuyuki Kudo akamzidi, akafika kilometa 331 bila kutua, kwa Honda ya cc 216. Hiyo ni sawa na kutoka Dar es Salaam, upite hapa Msamvu, ukatafute Gairo, tairi la mbele halijagusa ardhi. Nilimuuliza mwanangu swali moja: wote wawili walifanyia barabarani? Akanyamaza. Domokos alikuwa ndani ya uwanja, Kudo kwenye eneo la kujaribia magari. Hakuna aliyekuwa na daladala mbele yake.

Hapo ndipo mimi na msomaji wako tunapokutana. Barabara ya Dodoma si mahali pake. Kijana akinyanyua pale penye malori na watoto wa shule, hata akiwa wangu, Sheria ya Usalama Barabarani ipo tangu 1973, na trafiki amkamate. Abiria akiwa nyuma ndiyo kabisa. Siku nikisikia amefanya hivyo na abiria, funguo narudi nazo nyumbani na Boxer inauzwa.

Ila tusidhani kuwakamata peke yake kutamaliza kazi. Mtaani kwetu kuna kijana aliyejifunza peke yake, saa nne usiku, barabarani, kwa kuangalia vipande vifupi kwenye simu. Vipande hivyo vinaonyesha tairi likiwa juu. Mguu wa breki hauonekani. Alikaa na vyuma mguuni miezi mitano, mama yake akauza cherehani. Alifanya usiku kwa sababu mchana anafukuzwa, na alikuwa peke yake kwa kuogopa kuonekana. Angekuwa na yule binti wa baiskeli pembeni anamfokea “Breki! Breki!”, naamini mama yule angekuwa anashona mpaka leo.

Nyumbani tumewekeana masharti. Kofia ngumu iliyofungwa kidevuni, glavu, suruali nzito, viatu vilivyofunika kidole; kandambili marufuku. Kila Jumapili kabla hajatoka, fundi au mimi tunakanyaga breki ya nyuma kuona inashika wapi. Ndiyo, Mhariri, siku hizi najua kukaza nati ya breki ya Boxer. Oili anapima kwanza, kwa sababu fundi anasema pikipiki ikisimama oili hukimbilia nyuma ya injini, hivyo asikae juu muda mrefu na asianze na oili pungufu. Sili za shokomzoba ananunua mwenyewe. Lipo kopo jikoni, anatia shilingi 1,000 kila wiki, na mimi ndiye mtunza kopo.

Ombi langu ni moja. Viwanja vya Nanenane vya hapa kwetu hujaa mwezi wa nane wakati wa maonyesho, na baada ya hapo sehemu kubwa hubaki nyasi na upepo. Tupewe kona moja, Jumapili alasiri, saa tisa hadi saa kumi na mbili. Waweke kamba, vijana walipe shilingi elfu moja moja ya mlinzi na ya sanduku la huduma ya kwanza, asiye na kofia ngumu arudi kwao. Najua motokrosi, yale mashindano ya pikipiki kwenye udongo na matuta, ni mchezo mwingine, lakini Waganda wana uwanja wake Garuga, upande wa Entebbe, na Wakenya wana wao pale Jamhuri, Nairobi. Mtoto wa huko anayependa kuruka na pikipiki ana pa kuelekezwa. Wetu nimwelekeze wapi?

Nilikwenda na ombi hili kwenye ofisi moja, sitaitaja. Ofisa aliniangalia, akaangalia kanga yangu, akauliza, “Mama, kwa hiyo unataka kibali cha watoto kuanguka?” Nikamwambia kuanguka wanaanguka tayari, mimi natafuta pa kuangukia pasipo na lori. Akaniambia niandike barua. Niliandika, na nakala yake ninayo.

Tukisubiri majibu tunaendelea kule Tungi. Huwa nabeba kigoda changu na chupa ya chai. Yule wa kandambili sasa ana buti za kaka yake, zimempwaya. Mwanangu Jumapili iliyopita alifika hatua 92, halafu akaigusa breki, tairi likashuka kama mtu anayetua beseni la mayai. Sili za mbele hazijavuja tangu mwezi wa tatu. Kilichobaki ni ile namba iliyokunjika, nayo ya kubadilisha italipwa na kopo.

Mama wa bodaboda,
Kihonda, Morogoro