Wachungaji, mwenye madeni msimwambie apande mbegu

Mhariri, Bwana Yesu asifiwe. Naomba nafasi niongee na wachungaji wetu, naongea kama mkristo ninayesali kila jumapili na mweka hazina wa kikoba cha akina mama hapa Tabata, sina nia ya kuwarushia madongo watumishi wa Mungu.

Kiukweli makanisani watu wana madeni jamani. Mtu anaimba kwaya vizuri kabisa kumbe jumatatu rejesho linamsubiri. Amefiwa, au kazi imeisha, au mtoto amelazwa, anaingia kwenye mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, friji linaandikwa dhamana, kadi ya pikipiki inachukuliwa, wengine mpaka kadi ya benki na namba ya siri vinakaa kwa mkopeshaji. Na hawa wa kwenye simu ndo balaa, ukichelewa siku mbili meseji inaenda kwa bosi wako, kwa mkweo, mpaka kwa mwenyekiti wa jumuiya. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania (BoT) walizifungia aplikesheni 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni na nilishukuru sana, ila mwenye shida hata ukifunga huku atatokea kule.

Sasa huyu mtu akienda mbele kuombewa anaambiwa nini? Panda mbegu, toa sadaka ya kuvunja roho ya madeni! Hela yenyewe ni ya rejesho, kwa hiyo akishaitoa wiki ijayo anakopa kwa mwingine ili amlipe wa kwanza. Wa umri wangu tunaikumbuka DECI ya 2009, ule mchezo wa upatu, lugha yake ilikuwa hiyohiyo ya kupanda na kuvuna, na wachungaji walikuwemo kwenye uongozi, watu wakaweka akiba zao zote kwa sababu aliyewaambia ni mtumishi, mwisho wake mwaka 2013 baadhi ya viongozi wakatiwa hatiani pale mahakama ya Kisutu. Nilidhani tulijifunza.

Mi naamini katika kutoa, Malaki 3 naisoma na fungu la kumi natoa. Lakini someni 2 Wafalme 4, yule mjane ambaye mdai alitaka kuchukua watoto wake wawe watumwa. Elisha hakumwomba sadaka, alimuuliza una nini nyumbani, akataja chupa ya mafuta na ile chupa Elisha hakuigusa, akamtuma kwa majirani akaazime vyombo vitupu, tena visiwe vichache, na muujiza ukatokea nyumbani kwake mlango ukiwa umefungwa, hakuna aliyeshangilia. Halafu akamwambia uza, lipa deni, kinachobaki ndo uishi na wanao. Deni kwanza, ndugu zangu!

Na Nehemia sura ya 5, watu walikuwa wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka wakati wa njaa, na waliokuwa wanawakopesha ni Wayahudi wenzao. Nehemia hakuwaambia maskini wafunge na kuomba, aliwaita wakopeshaji akawakemea mbele za watu warudishe mali, warudishe na ile sehemu ya mia waliyokuwa wanatoza, ambayo wafasiri wengi wanasema ni asilimia moja kwa mwezi. Moja! BoT wameweka mwisho asilimia 3.5 kwa mwezi kwa hawa wakopeshaji wadogo wenye leseni, yaani laki tano riba yake 17,500, na bado mtaani kuna mtu anatoza asilimia 30, hiyo ni laki na nusu kwa laki tano ileile, na jumapili anakaa kiti cha mbele.

Mume wangu meza yake ya mitumba iliungua na soko la Karume Januari 2022, na mabelo mengine yalikuwa ya mkopo. Kanisa walikuja wakaomba, wakaleta unga na mchele, Mungu awabariki. Ila kilichotuinua ni mzee mmoja wa kanisa, mhasibu mstaafu, alikuja jioni na daftari akasema leteni kila deni hata la dukani kwa Mangi. Kuna deni moja mi nililisikia siku ile kwa mara ya kwanza, nikanyamaza maana mzee alishatuambia leo hakuna kugombana. Akapanga lipi lianze, akamsindikiza mume wangu kwenye saccos kuomba muda uongezwe na wakakubali, tukahama vyumba viwili tukaingia kimoja, kikoba kikanikopesha mtaji wa vitumbua. Kuhusu sadaka alisema toeni kwenye kilichopatikana kweli, kidogo hichohicho, msikope ili mtoe. Imechukua miaka na tajiri sijawa, lakini simu ikiita usiku hatushtuki tena.

Wazee kama huyo wapo kila kanisa, wahasibu, watu wa benki, mawakili, tunawapa kazi ya kuhesabu sadaka tu. Wapeni chumba jumamosi moja kwa mwezi, familia yenye madeni ije na karatasi zake, waangalie mkopeshaji kama ana leseni, waandike barua, wasindikize mtu. Na michango ya vigae vya kanisa isubiri kidogo, mjane apate mtaji kwanza.

Sisi tumeomba chumba cha sunday school, tunasubiri baraza la wazee. Kinachotuumiza kichwa ni siri, maana mtu hatakuja kama anajua jumatano habari zake zitakuwa kwenye maombi ya akina mama. Kama kuna kanisa limeshaanza kitu cha namna hii, naomba waandike hapahapa gazetini watuambie hilo wamelifanyaje.

Mama wa kikoba, Tabata, Dar es Salaam