Elimu ya mzazi na gego la miaka sita

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi walimu wa madarasa ya chini hukutana nalo kila tunapofanya ukaguzi wa usafi, nalo ni uhusiano uliopo kati ya elimu ya mzazi na jinsi mtoto wake anavyopiga mswaki.

Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba watoto ambao wazazi wao, hasa mama, wamesoma zaidi, hupiga mswaki mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Hilo silibishii. Ninachokataa ni kulichukulia kana kwamba mzazi aliyeishia darasa la saba hana la kufanya, kwa maana kinachomlinda mtoto si cheti cha mzazi bali mambo machache ambayo aliyesoma huyapata kwa urahisi na mwingine hakuwahi kuambiwa na mtu.

Chukua gego la kwanza la ukubwani. Huota mtoto akiwa na miaka sita hivi, nyuma kabisa ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka ili kulipisha, na mzazi asiyelijua hudhani nalo litang'oka, hivyo likitoboka hashtuki. Darasani kwangu mtoto hukenua meno ya mbele yakang'aa kweli, lakini ukimwambia apanue kinywa unaliona gego jipya lina shimo jeusi, na andazi la asubuhi limejaa humo. Ukaguzi wetu wenyewe, kwa kawaida, huishia kwenye meno ya mbele.

Shirika la Afya Duniani linashauri kupiga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi, madini yanayokinga meno yasioze, ya ppm (yaani sehemu katika kila milioni ya dawa) 1,000 hadi 1,500. Kipimo hicho huandikwa kwenye boksi kwa herufi ndogo, mara nyingi kwa Kiingereza, na hapo ndipo shule inapomtenga mzazi na mzazi. Asiyeweza kusoma maandishi hayo humwacha mtoto ajikamulie dawa, ilhali aliye chini ya miaka mitatu hutoshwa na kiasi cha punje ya mchele, kisha humhimiza asukutue kwa maji mengi yanayoondoka na sehemu kubwa ya floridi, wakati kutema povu kungetosha.

Hata hivyo, wasomi nao wana lao. Mkono wa mtoto haujaweza kusafisha magego vizuri hadi afike miaka saba au minane, lakini gari la shule likipiga honi alfajiri, kazi hiyo huachiwa dada wa kazi au mtoto mwenyewe. Mama asiye na cheti anayembana mwanawe magotini na kumsugua hadi nyuma anamzidi mwenye shahada.

Nashauri wauguzi watumie siku za chanjo ya surua, katika miezi 9 na 18, kuwaonyesha wazazi, akina baba wakiwemo, namna ya kumpiga mtoto mswaki. Umri huo ndio baadhi ya familia humng'oa mtoto anayeharisha yale yanayoitwa meno ya plastiki, ambayo kwa kweli ni machipukizi ya chonge. Waagizaji na wenye viwanda vya dawa za meno nao waandike kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, kipimo cha floridi na kiasi anachostahili mtoto wa kila umri.

Mwalimu wa darasa la kwanza,
Morogoro