Chumba Kimoja cha Kusoma, Kuketi na Kuomba: Wito wa Harambee

Wapendwa katika Kristo, Bwana asifiwe.

Mtume Paulo alipokuwa gerezani, akijua kwamba wakati wake wa kuondoka umekaribia, alimwandikia Timotheo barua. Baada ya maneno mazito kuhusu mwendo alioumaliza na imani aliyoilinda, anaomba vitu. Anataka lile joho aliloliacha Troa kwa Karpo. Anataka vitabu, hasa vile vya ngozi. Na anamtaka Timotheo mwenyewe, ajitahidi kufika kabla ya majira ya baridi. Nimeurudia mstari huo mara nyingi tangu kamati iliponipa kazi ya kuandika wito huu. Mtu aliyelea makanisa mengi kiasi kile bado alitaka kusoma, bado alitaka mwenzake wa kuketi naye, na hakuona haya kuomba.

Nasi tunaomba. Nyuma ya kanisa letu kuna banda ambalo kwa miaka mingi limehifadhi viti vilivyovunjika na vyombo vya usafi. Tunataka kuligeuza liwe chumba cha darasa la Biblia, chenye maktaba ndogo, na kiwe mahali pa maombi panapofunguliwa kila siku. Tunataka pia kuwaandaa watu wa kukiongoza. Hayo ndiyo tunayoyaombea harambee.

Niruhusuni nianze na kosa langu, kwa sababu ndilo lililonifundisha kwa nini chumba hiki kinahitajika.

Jumapili moja, miaka kadhaa iliyopita, kijana mmoja alinifuata baada ya ibada. Alikuwa amefiwa na mdogo wake. Alitaka kujua kama Mungu alimsikia, maana alikuwa amefunga na kuomba kwa siku nyingi, na mdogo wake akafa vilevile. Tulikuwa tumesimama mlangoni. Watu wanatoka, watoto wanapita katikati yetu, kwaya inangoja nafasi ya mazoezi. Nilimpa mstari mmoja wa Maandiko, mstari wa kweli kabisa, nikamshika bega, nikamwambia tutaongea. Hatukuongea. Miezi 8 hakuonekana kanisani. Nyumba yao naijua, na sikwenda.

Aliyekwenda ni mama mmoja wa maombi ya alfajiri. Hakuwa na jibu la swali lile wala hakujifanya analo. Alimwambia tu kwamba wanamtaja kwa jina kila alfajiri, na kwamba siku ya Alhamisi jioni kuna watu sita wanaosoma kitabu cha Ayubu nyumbani kwake, akipenda, aje. Kijana akaja. Wiki ya kwanza hakusema neno. Wiki ya pili walifika pale ambapo rafiki za Ayubu wanaketi naye chini siku 7, mchana na usiku, bila mtu kumwambia neno lolote, kwa kuwa waliona jinsi maumivu yake yalivyo makubwa. Hapo kijana akafungua kinywa. Akasema, "Hapa walikuwa wanafanya vizuri. Waliharibu walipoanza kuongea." Wakanyamaza wote. Kisha akalia, nao wakakaa naye mpaka usiku ukawa mkubwa.

Nilipoelezwa maneno hayo nilijua yananihusu. Swali lake bado analo hadi leo. Wiki iliyopita alilileta tena darasani, tukakaa nalo saa nzima, tukasoma, tukabishana, tukaliombea.

Tangu siku ile nimeisoma upya habari ya Pentekoste. Luka anasimulia kwamba watu wapata elfu 3 waliongezeka siku ile, kisha anataja walichodumu nacho: fundisho la mitume, ushirika, kuumega mkate na kusali. Vyote viko katika sentensi moja. Sisi tumevigawa. Anayependa kusoma yuko peke yake na simu yake. Anayependa watu yuko kwenye kwaya na kamati. Anayependa kuomba yuko kwenye mkesha. Na mara nyingi kila mmoja anamwona mwenzake hajakomaa: msomaji anaambiwa ana kichwa bila moto, mwombaji anaambiwa ana moto bila mizizi. Mimi naamini wote wawili wanasemwa hivyo kwa sababu hawajawahi kukaa meza moja.

Maandiko yenyewe yamejaa watu waliohitaji mwenzao ili waelewe. Yule towashi wa Kushi, mtunza hazina ya malkia, alikuwa na chuo cha nabii Isaya mkononi na alikuwa anakisoma kwa sauti njiani. Kitabu alikuwa nacho na bidii alikuwa nayo. Filipo alipomuuliza kama anaelewa, akamjibu kwa swali: ataelewaje asipopata mtu wa kumwongoza? Akampandisha garini akae naye. Apolo naye alikuwa hodari katika Maandiko, mwenye ufasaha na juhudi, lakini aliujua ubatizo wa Yohana tu. Prisila na Akila hawakumsahihisha mbele ya watu. Walimchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Mafundi wa kushona mahema, mke na mume, wakamfundisha mwalimu. Kila ninapoisoma habari hiyo huwa nawaza: ni akina Apolo wangapi tumewapa kipaza sauti, na hatukuwahi kuwapa kiti nyumbani?

Kanisa la kale lililichukulia jambo hili kwa uzito ambao sisi tumeupoteza. Utaratibu mmoja wa zamani, ambao kwa desturi huhusishwa na Hipolito wa Roma, unataka wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, wafundishwe kwa miaka 3 kabla ya ubatizo, ingawa mwenye bidii angeweza kupunguziwa muda. Muda ulipofika hawakuulizwa tu wamekariri nini. Waliulizwa wameishi vipi: je, wamewaheshimu wajane, wamewatembelea wagonjwa, wametenda mema? Na waliotakiwa kuwashuhudia ni wale waliowaleta. Yaani mtu hakuweza kujifunza imani bila kuwa na watu wanaomjua.

Na Augustino, ambaye wengi tunamjua kama mwalimu mkubwa wa Kanisa, hakufika peke yake. Mama yake, Monika, alimwombea kwa machozi miaka mingi. Kule Milano alikaa chini ya mahubiri ya Askofu Ambrosio, akagundua kwamba maswali yake juu ya Maandiko yanaweza kujibiwa. Siku ile ya mwaka 386 alipoufungua waraka wa Paulo kwa Warumi bustanini, rafiki yake Alipio alikuwa hapo hapo karibu naye, na alipopewa kitabu, Alipio naye akasoma mstari uliofuata akauchukua kuwa wake. Wakabatizwa pamoja Pasaka ya 387. Mtu akiniuliza ni nini kilichomleta Augustino, maombi ya mama, mafundisho ya askofu au urafiki wa Alipio, siwezi kuvitenganisha.

Kuna habari nyingine inayonipa moyo zaidi kwa kazi hii ya kuchangisha. Mwaka 1742, kule Bristol, Uingereza, watu waliomfuata mhubiri John Wesley walikuwa na deni la jengo lao. Mmoja wao akapendekeza kila mtu atoe peni moja kwa juma. Mwingine akasema wengi ni maskini, hawawezi. Aliyependekeza akajibu: nipeni mimi 11 walio maskini kuliko wote, wasioweza kutoa, nitawalipia. Basi wakagawanywa katika vikundi vya watu kama 12, na kiongozi akawa anapita kila juma nyumba kwa nyumba kukusanya. Viongozi walipopita wakaona mambo ambayo hawakuwahi kuyaona wakiwa kanisani: nyumba yenye ugomvi, mtu aliyerudia ulevi, mgonjwa asiye na wa kumtazama. Wakaanza kuuliza hali ya roho pamoja na kupokea peni. Vikundi vile vikawa madarasa ya kila juma ya kusoma, kuungama na kuombeana, na kwa muda mrefu vikawa uti wa mgongo wa Wamethodisti. Vilianza kama mchango wa deni.

Kwa hiyo tumeamua kwamba harambee hii nayo ifanywe hivyo. Hatutapitisha kadi za ahadi na kuondoka. Wajumbe wawili wawili watatembelea kila kaya ya kanisa letu, na kabla ya kutaja fedha watauliza mnataka tuwaombee nini. Atakayewaambia hana cha kutoa ataombewa sawasawa na mwenye kutoa kikubwa, na jina lake halitasomwa popote. Katika harambee hii hatutasoma majina ya watoaji wala viwango vyao mbele ya watu. Najua wapo wasiokubaliana nasi katika hili, wanaosema kutaja majina kunachochea utoaji. Huenda kunachochea. Lakini Bwana aliketi kuelekea sanduku la hazina akamwona mjane na senti zake mbili, na aliyemtangaza ni yeye mwenyewe aliyeujua moyo wake.

Mahitaji yenyewe ni haya. Banda linahitaji paa jipya upande mmoja, madirisha, taa, na sakafu. Linahitaji meza moja ndefu, na nasisitiza moja, kwa sababu tumekataa mpango wa madawati yanayotazama mbele. Linahitaji rafu. Darasa la Jumanne lina watu 34 na Biblia 11, na kati ya hizo mbili zimeachia kurasa. Wazee wetu wanahitaji Biblia za maandishi makubwa. Yule mama niliyemtaja sasa anasoma kwa kukumbuka, Zaburi zimo kichwani mwake, ila nyaraka zinamshinda. Tunao ndugu wawili wasioona, nao tunataka wapate vitabu vya nukta nundu, angalau Injili kwa kuanzia. Tunahitaji kamusi ya Biblia, ramani, na vitabu vya ufafanuzi vitakavyokaa pale pale kwa atakayekuja. Simu zina Biblia, ni kweli, na wengi tunazitumia. Lakini wasio na simu ni wengi kuliko tunavyodhani, na mtoto hujifunza kusoma Neno akimwona mtu mzima amefungua kitabu.

Fungu ambalo mtaliona kubwa kuliko mlivyotazamia ni la mafunzo ya viongozi 8 wa vikundi. Naomba msilikate. Jengo linaweza kuchelewa, na tutaendelea kukutana nyumbani. Kiongozi asiyeandaliwa ndiye anayempa mfiwa mstari mlangoni. Tunataka wafundishwe kusoma kifungu ndani ya kitabu chake, kusikiliza swali mpaka mwisho, kukiri wasichokijua, kuongoza maombi ambamo hata mwenye haya anapata nafasi, na kutunza siri ya kikundi.

Kuna aliyeuliza kwenye kikao kwa nini fedha hizi zisiende kwa wahitaji. Ni swali la haki, na lilitukalisha muda mrefu. Kamati imekubaliana kwamba sehemu ya kumi ya kila kitakachopatikana iingie mfuko wa wahitaji kabla ya kununua hata msumari mmoja. Na viongozi wa vikundi watakuwa na wajibu wa kuwajua wagonjwa na wajane walio karibu nao, kama wakatekumeni wa kale.

Kuhusu uaminifu: Paulo alipokusanya mchango wa watakatifu wa Yerusalemu hakutaka kuubeba peke yake. Alitaka ndugu waliochaguliwa na makanisa wafuatane naye, ili mtu yeyote asipate neno la kulaumu. Nasi tumechagua watu watatu, wawili kati yao si wajumbe wa kamati. Kila mchango utaandikiwa stakabadhi. Makadirio ya fundi na bei za vitabu vimebandikwa kwenye ubao wa matangazo, na taarifa ya mapato na matumizi itabandikwa hapo hapo kila mwezi. Musa alipoona watu wameleta vya kujengea hema kupita mahitaji, alitangaza kambini waache kuleta. Tukifikia kiwango tutatangaza, na bahasha zitaondolewa siku hiyo hiyo.

Msio na fedha, tunawahitaji kwa kazi. Seremala, mwashi, fundi umeme, mpaka rangi: hata siku moja yenu inapunguza bajeti. Mwenye kitabu kizuri alichokwisha kusoma akilete. Mwalimu mstaafu mwenye jioni mbili kwa juma, njoo tuzungumze, maana kuna watu wazima watano wanaotaka kujifunza kusoma ili waifungue Biblia wenyewe, na hakuna aliyewashika mkono bado.

Harambee ni Jumapili ya mwisho ya mwezi ujao, baada ya ibada ya pili. Bahasha ziko mezani karibu na mlango mkuu, na mweka hazina atapokea michango kuanzia Jumapili hii. Vitabu viwekwe ofisini. Kazi ya kuhamisha viti vibovu itaanza Jumamosi hii asubuhi, njooni na nguo za kazi. Na maombi ya alfajiri kwa ajili ya jambo hili yameshaanza, kila Jumatano saa kumi na moja, humo humo bandani katikati ya viti. Mlango wa pembeni utakuwa wazi.