Barua kwa mdogo wangu dereva, toka Alberta, Kanada, kwenda Igoma, Mwanza

Mwangaluka baba, mwangaluka mayu, na wewe mdogo wangu habari za hapo nyumbani. Safari hii naandika, situmi voisi, kwasababu voisi zangu mama anasema zinakatika alafu wewe ukimsimulia unaruka nusu nzima. Naomba umsomee yote mpaka mwisho, hata ile sehemu ya kupita juu ya ziwa, najua ataguna lakini msomee.

Mimi mzima kabisa, kazi ipo, afya ipo. Baridi ndo imeingia, leo asubuhi hapa Edmonton ilikuwa hasi 31 na bado huu ni mwanzo tu.

Ile siku simu inakatika ulikuwa umeniuliza tunaendeshaje semi kwenye barafu bila kuanguka. Nimelifikiria swali lako wiki nzima kwasababu mama kaniambia bosi wako kakuongezea na ile pickup ya kuvuta tela la boti kwenda mwaloni Kayenze, juu ya Fuso unayopakia mizigo Kwimba, na mvua za vuli hizo zimeshaanza. Kwahiyo ntakuelezea ya huku lakini ujue muda wote nakuwaza wewe na lile tope jeusi la mbugani, maana barafu na tope la mbuga vyote vinakunyima kitu kimoja, tairi kushika chini. Ukikosa hicho hata uwe na injini kubwa kiasi gani haikusaidii.

Njia yangu kubwa ni Edmonton kwenda Yellowknife, karibu kilomita 1,450, yaani inazidi Mwanza kwenda Dar. Kuna sehemu tunavuka mto Mackenzie kwenye daraja linaitwa Deh Cho, lilifunguliwa mwaka 2012, kabla ya hapo watu walivuka na feri wakati wa joto na wakati wa baridi wanapita juu ya mto ulioganda, na katikati hapo barafu ikiwa inaanza kuganda au inaanza kuyeyuka hakuna kupita, mnasubiri. Madereva wazee wakinisimulia nawaambia hayo nayajua, sisi tumekaa foleni ya feri Kigongo miaka na miaka mpaka daraja la JPM lilipofunguliwa Juni 2025. Ukishavuka hapo kwenda juu kuna nyati wa huku wanaoitwa bison, sio utani baba, wanalala barabarani usiku na rangi yao ni giza tupu, macho yao hayarudishi mwanga vizuri kwasababu kichwa wanakiinamisha chini, kwahiyo usiku tunapunguza mwendo hata kama barabara ni nyeupe na kavu.

Sasa hili watu wengi hawalijui, hasi 35 sio hatari kwa utelezi kama sifuri. Kwenye baridi kali barafu inakuwa kavu, tairi inashika kiasi. Balaa ni pale joto linapocheza kwenye sifuri, moja juu moja chini, hapo juu ya barafu kuna maji membamba na lami inaonekana nyeusi tu kama imelowa, kumbe ni barafu usiyoiona. Nilichofundishwa na ninachokifanya kila siku ni kuangalia matairi ya gari la mbele, kama yanarusha maji basi ni maji, kama lami inaonekana imelowa alafu hakuna maji yanayoruka, hapo naondoa mguu taratibu, breki sigusi. Na madaraja yanaganda kabla ya barabara kwasababu upepo unapita juu na chini. Huko kwetu inafanana na ile mvua ya kwanza baada ya kiangazi, dakika zile za mwanzo vumbi na oili vinachanganyika juu ya lami, watu wanafikiri mvua ndogo haina shida, na hapo ndo bodaboda wanapolala pale mteremko wa Mabatini. Mvua ikishapiga sana inaosha, inakuwa afadhali. Kwahiyo ogopa manyunyu mdogo wangu.

Kwenye utelezi sitembei na breki ya injini imewashwa. Wewe Fuso yako ina egzosti breki, najua unaipenda, na kwenye lami kavu ni nzuri sana inakutunzia breki. Lakini ile inashika matairi ya difu peke yake, sasa kama gari ni tupu na chini kunateleza matairi ya nyuma yanaacha kuzunguka wakati gari bado linakwenda mbele, nyuma inakuja pembeni. Kwenye semi ndo mbaya zaidi, hosi, yaani kichwa cha semi, inakunjana na tela, na ikishaanza kukunja ni sekunde tu. Kinachotakiwa ni gia ndogo kabla hujaanza kushuka mteremko, sio katikati ya mteremko, na mguu mwepesi. Alafu ile tabia ya kuweka free, gari halina gia, ili kubana mafuta naomba uiache kabisa, baba alishakuambia na mimi nakuambia.

Umbali na gari la mbele huku tunahesabu kwa sekunde, kila mita 3 za gari lako sekunde 1, kwahiyo semi yangu inataka kama sekunde 7 barabara ikiwa nzuri, theluji ikiwepo naweka mara mbili au zaidi. Mtu akiingia katikati namwachia, narudi nyuma tena naanza kuhesabu upya.

Baridi yenyewe inashambulia gari kabla hata hujawasha. Dizeli ya kawaida inaganda inakuwa nzito, inaziba filta, kwahiyo kuna dizeli ya msimu wa baridi na injini inachomekwa kwenye umeme usiku ipate joto, ndomana ukiangalia picha nlizotuma utaona magari ya huku yana waya unaning'inia mbele kwenye grili, mama aliuliza ule waya ni wa nini, ndo huo. Breki za upepo nazo zina mambo yake. Upepo una unyevu, unyevu unakuwa maji ndani ya matenki, maji yanaganda kwenye paipu na unabaki huna breki au breki imeshika haiachii. Kila siku natoa maji kwenye matenki, navuta kile kikamba chini mpaka upepo utoke mkavu. Na kama nimepita kwenye theluji ya majimaji, kabla ya kupaki nakanyaga breki kidogokidogo nikiwa naenda polepole zipate joto zikauke, la sivyo asubuhi brekishuu zimegandiana na drami, unaondoka matairi ya tela hayazunguki, yanaburuzwa tu. Hapo inabidi ushuke na nyundo ugonge drami moja moja, na vidole kwenye hiyo baridi vinaacha kusikia haraka sana. Wewe kwako hakuna barafu ila maji kwenye matenki yapo, joto la Mwanza na unyevu wa ziwa, fungua valvu za chini kila jioni uone kinachotoka. Ikitoka oili oili mwambie fundi aangalie kompresa.

Kitu kingine kidogo ila nakikazania, taa. Taa za LED hazina joto, theluji inashika juu yake haiyeyuki, unatembea kumbe nyuma huonekani kabisa. Kila nikisimama nashuka nafuta taa zote kwa mkono, nyuma na pembeni. Tope la Kwimba linafanya hivohivo. Beba kitambaa na chupa ya maji, utingo akishuka kukojoa afute na taa.

Haya mama, ziwa sasa. Kuna migodi ya almasi kaskazini ya Yellowknife, barabara ya kufika huko ipo majira ya baridi tu na sehemu kubwa yake ni juu ya maziwa yaliyoganda, inaitwa Tibbitt to Contwoyto, huwa inafunguliwa kama mwishoni mwa Januari au Februari na mwishoni mwa Machi imekwisha. Ni kama uondoke Kirumba na semi imejaa mafuta uende mpaka Ukerewe juu ya maji. Wanapima unene wa barafu muda wote kwa mitambo, lori lenye mzigo kamili linataka barafu inayozidi mita moja, na mwendo kwenye barafu ukiwa na mzigo ni kilomita 25 kwa saa. Sababu ya 25 ndo nataka uisikie mdogo wangu. Uzito wa lori unabonyeza barafu kidogo, chini yake maji yanasukumwa yanakuwa wimbi linalotembea na wewe. Ukikimbia wimbi linakua, likifika karibu na ufukwe kwenye maji mafupi halina pa kwenda, linapiga barafu kwa chini linaipasua, na anayezama anaweza kuwa sio wewe, ni mwenzako anayekuja nyuma. Kwahiyo tukikaribia nchi kavu tunapunguza zaidi na tunaachiana nafasi kubwa. Nimekaa humo kwenye kabini nasikia barafu inalia chini, wazee wakaniambia kulia kwake ni kawaida, na mimi kazi yangu ilikuwa kuangalia ile spidi tu, 25, 25, saa baada ya saa. Hakuna anayeovateki, hakuna anayepiga honi.

Turudi kwenye tela lako, hili ndo limenifanya niandike. Boti ikiwa na injini yake ya nyuma, uzito wote unakaa mkiani. Tela likiwa zito nyuma linanyanyua matako ya pickup, tairi za nyuma za pickup zinakosa kushika chini, na ukifika spidi 70 au 80 tela linaanza kuyumba kulia kushoto na kila yumbo ni kubwa kuliko lililopita. Pale mbele tela linapokaa kwenye pickup panatakiwa pabebe kama asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wote wa tela na mzigo. Kwahiyo injini ya boti ifungue uiweke kwenye bodi ya pickup, matenki ya mafuta na nyavu sogeza mbele. Likianza kuyumba usikanyage breki kwa nguvu na usiongeze mafuta eti ulinyooshe, shika usukani umenyooka, ondoa mguu, acha gari lipungue lenyewe. Na zile cheni mbili za usalama zifunge kwa kupishana chini ya mkono wa tela, kichwa kikichomoka kinaangukia kwenye cheni, hakichomi lami.

Na ukikwama. Majuzi barabara ya vumbi ya kwenda kwenye visima vya mafuta, ambayo sasahivi ni theluji tupu, tulikuta pickup na tela lake wameingia mtaroni. Tulikuwa madereva kadhaa na mimi nilitegemea tufunge kamba tuvute. Mzee mmoja akatoa sepetu, akachimba mbele ya kila tairi, akachimba chini ya tumbo la gari maana gari lilikuwa limekaa na tumbo sio na matairi, akalitoa tela kwanza pembeni, akamwaga mchanga. Alichukua muda mrefu na baridi ilikuwa inauma. Alafu ndo akafunga mkanda mpana wa nailoni kwenye kulabu ya chasisi, akatupa koti lake zito katikati ya mkanda, akatufukuza wote mbali zaidi ya urefu wa ule mkanda. Gari likavutwa polepole likatoka bila hata kelele.

Lile koti ni ili mkanda ukikatika uanguke chini usiruke. Na hakufunga kwenye ule mpira wa chuma wa kuunganishia tela, ule ukivutwa kwa nguvu unakatika unaruka, watu wameshakufa hivyo. Sasa nafikiria huko kwetu Fuso ikikwama, waya wa chuma umefungwa popote, watoto wa shule wamejaa pembeni wanashangilia na utingo amesimama katikati anaelekeza. Waondoe watu kwanza, hata kama wanalalamika, hata kama bosi yuko kwenye simu. Usisage tairi, ukizungusha bure inashuka chini na difu inakaa kwenye tope. Chimba, weka mawe na matawi, difu loki iweke ukiwa umesimama kabla hujaingia kwenye tope, sio tairi likiwa linazunguka, utavunja. Ondoka na gia namba mbili, klachi taratibu.

Mama kaniambia bosi alitaka uvuke ule mto uliojaa usiku ili mzigo ufike soko asubuhi, na ukakataa ukalala kwenye gari. Mdogo wangu nimefurahi mno. Maji ya sentimita 30 tu yanayokimbia yanalinyanyua gari dogo likaelea, 60 yanabeba hata pickup, na usiku huoni kama barabara chini bado ipo. Huku sheria ya kazi inampa mfanyakazi haki ya kukataa kazi ya hatari, na mimi nimeshaitumia, upepo na theluji hata boneti yangu siioni, nikaingia kwenye kituo cha malori nikapiga simu nikasema siendi, dispacha, yule anayetupangia safari, akasema sawa utaniambia ukianza. Huko bosi anaweza kukununia, anaweza hata kukutishia kazi. Akikutishia nipigie mimi, kodi ya miezi naweza kuibeba, usivuke.

Baba naomba umsaidie kwenye hili la bosi, wewe wanakuheshimu.

Nimetuma hela kwa namba ya mama, ni ya matairi mawili ya nyuma ya pickup. Nunua mapya, usichukue tairi za kuchonga, pale zilipochongwa mpira umebaki mwembamba mno, na angalia tarehe ya kutengenezwa, zile namba nne pembeni, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Inayobaki mama achukue dawa ya presha kwanza. Shangazi wa Nyegezi mpeni salamu, mwambieni dagaa alizonitumia zimefika na nimezila na ugali.

Jumamosi ukipakia boti ya Kayenze kabla hujaondoka piga picha tela kwa pembeni unitumie, nataka nione injini imekaa wapi na pickup imelala vipi nyuma. Hapa itakuwa bado usiku ila ntakuwa macho.

Kaka yako