Bati limepasuka

Kinondoni, Jumatatu usiku

Issa ndugu yangu,

Salaam nyingi. Habari za Mwanza, shemeji, watoto, kazi? Sisi wazima, ila vuli imeanza na vurugu zake, na daladala za Mbagala ndiyo usiseme. Najua nimekaa kimya tangu Idi, na najua utajiuliza huyu leo kaingiwa na nini. Ngoja nikupe matokeo kwanza.

Jumamosi tulicheza kriketi na Chuo, Mlimani, ova 20 kila upande, yaani mipira 120. Wenzetu wakaanza kupiga, wakafika mikimbio 128, wapigaji 7 wametolewa. Kufumba na kufumbua sisi tuko 47 kwa wiketi 5, Kapteni katolewa na mpira wake wa kwanza (usimwambie nimekwambia), na anayeingia ni yule dogo wa Mtoni. Issa, ungemwona! Mpira haufuati, anausubiri umfikie chini ya macho, ndipo anapiga. Mikimbio 54 na hakutolewa. Ova ya mwisho tulitaka 5. Babu akausukuma wa kwanza wakapata mmoja, wa pili dogo akauchapa ukapita katikati ya watu wawili mpaka kwenye kamba: minne, tumeshinda. Kapteni alimbeba mgongoni kama gunia la mkaa.

Sasa hapo ndipo penye neno. Alikuwa anapigia bati lako.

Najua. Uliniachia maagizo mawili: lipake mafuta, usimwazime mtu. La kwanza nimelitimiza, mafuta ya kitani kila mwezi, muulize mama Zuhura anavyolalamikia harufu. La pili nililishika mpaka Jumamosi saa nane mchana. Dogo alikuwa ameshika lile la klabu lenye mpini uliolegea, unalikumbuka, linalolia kama mlango wa choo cha stendi. Nikamwonea huruma. Nikasema moyoni, ova mbili tatu tu.

Jumapili tukawa uwanja wa Leaders. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, nyasi chepechepe. Wapinzani wakaanza kupiga, na hapa acha niseme mwenyewe kabla Chidi hajakupigia: nilimwachia mpigaji wao wa kwanza akiwa na 12. Mpira ulipanda juu, ukakaa huko muda wa kutosha mtu kusali rakaa mbili, ukashuka mikononi mwangu, ukatoka. Alimaliza na 66. Walifika 139, sisi tukaishia 71. Piga hesabu mwenyewe. Chidi kazipiga kwa sauti, gari zima, kuanzia Leaders mpaka Magomeni.

Lakini nirudi kwenye bati. Dogo aliingia tukiwa 31 kwa wiketi 3. Akafika 11, hana wasiwasi. Halafu yule mrefu wao akaachia yoka, mpira wa kwenye vidole kabisa, dogo akashusha bati kuuzuia. Mlio ukawa mkavu, kama muwa ukivunjwa gotini. Alisimama analitazama, hata kukimbia akasahau. Ufa umeanzia ncha ya chini ukapanda urefu wa kidole, umepita katikati ya ile I na ile M ulizoandika kwa kalamu. Wakamletea la klabu, mpira uliofuata akatolewa. Wa mwisho wetu alipotoka, dogo alikuwa bado amekaa na pedi miguuni.

Na nikwambie lisilosemwa na mtu. Wakati anasubiri zamu alilisimamisha nyasini, ncha imekaa kwenye maji, nusu saa nzima. Unajua ncha ndiyo inayonywa maji, ikishalowa haistahimili kitu. Mimi niliona. Nilikuwa bado nauwaza ule mpira niliouachia, sikufungua mdomo.

Nilipofika nyumbani nikasema tu, "Bati limepasuka," mama Zuhura akainua macho darini kutafuta panapovuja. Ningeliita gongo, majirani wangeita mjumbe.

Leo mchana nimelipeleka kwa fundi wangu wa Keko. Kalipima mkononi, akauliza mti gani huu mwepesi hivi, kisha akachukua msumari. Msumari, Issa! Nimelinyakua nikaondoka nalo. Gundi na uzi vinatosha, nitalifunga mwenyewe, ila kwa mpira mgumu silidhamini tena.

Kinachoninyima usingizi siyo bati lenyewe, japo najua baba mdogo alilibeba kutoka Leicester. Ni yule dogo. Kanitumia ujumbe kwamba atalilipa shilingi elfu tatu kila wiki. Hiyo ndiyo nauli yake ya mazoezi, sasa atakujaje? Jioni hii hakuonekana. Tangu vijana wetu wa chini ya miaka 19 wafuzu Kombe la Dunia la 2026, mara ya kwanza kwa nchi hii, mtoto yule hajakosa mazoezi hata siku moja. Nimemwambia kosa ni langu, anaitikia "sawa kaka" tu, ile sawa ya kumaliza maongezi. Mimi simwingii. Mwenye bati ni wewe.

Basi namba yake nakutumia kwenye simu. Utampigia? Kabla ya Jumamosi, maana tunarudi Leaders na wale wale. Na wewe umekasirika kiasi gani, niambie ukweli? Nilifunge uzi, au nikuwekee hivyo hivyo ulione mwenyewe? Mwezi wa kumi na mbili unashuka au ndiyo mambo ya mwaka jana? Huko Mwanza umepata watu wa kucheza nao? Na zile glavu zako ulizoniachia, dogo akirudi, nimpe au nisimpe?

Wako,
Hamisi